Goti la Benedicta

Kwa miaka kumi na minane hakuna sherehe ya parokia pale Kihesa, Iringa, iliyopikwa bila Benedicta. Alionja mchuzi mara tano kabla haujaiva, na mara tano baada ya kuiva. Mwili ukanenepa, goti la kulia likaanza kumuuma, hadi akawa anasali amekaa kwenye benchi huku wenzake wamepiga magoti.

Binti yake, Jackline, muuzaji wa duka la dawa Mbeya, alimpeleka kwa daktari huko. Daktari alisema goti limechoka kubeba uzito, na sukari nayo imeanza kupanda. Akamwambia apunguze ugali, wali na maandazi, ale zaidi maharage na majani ya maboga, na atembee kila siku. Jackline akamwongezea kopo la vidonge vilivyotengenezwa kwa magamba ya kaa na kamba wa baharini.

"Mama, hivi kuna watu vinaowasaidia kidogo, na kuna wasioona tofauti yoyote. Cha msingi ni chakula. Na mtu ambaye kaa au kamba wanamdhuru asiviguse. Imeandikwa hapa."

Benedicta alitii, lakini kwa kujificha. Mpishi anayekimbia chakula chake mwenyewe angechekwa kuanzia Kihesa hadi Mlandege. Kwenye sherehe alijipakulia sahani iliyojaa mbele ya macho ya watu, kisha kwa siri akamwaga chakula kwenye mfuko na kuwapelekea kuku wake. Alfajiri alitembea hadi barabara kuu na kurudi, akijifanya anatafuta kuni.

Baada ya miezi saba, kwenye sala ya jumuiya, alipiga magoti na kuinuka bila kushika kiti. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Wewe, umekula nini?" akauliza Veneranda, mwenyekiti wao.

Hapo ndipo angesema. Maharage na majani, angesema. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na aliona haya.

"Vidonge vya kaa," akajibu.

"Kaa mimi namjua wa kwenye kitabu cha shule," akasema Mama Kasian, jirani yake mzee, ambaye magoti yote mawili yalimsumbua. "Kama ndiye anayeinua watu, aje na miguu yake yote!"

Walicheka sana. Kesho yake Benedicta akampelekea kopo lililobaki. Alipofika mlangoni alilikumbuka lile onyo. Akajiambia: nani huku milimani amewahi kula kaa, hata ajue kama anamdhuru? Tena akianza kueleza moja, ataulizwa na mengine. Akampa kopo, akanyamaza.

Siku ya tatu midomo ya Mama Kasian ilivimba, ngozi ikatoka mabaka, pumzi ikawa ya shida. Wanawe walimkimbiza hospitali kwa bajaji. Alipona, na siku mbili baadaye akarudi nyumbani. Veneranda ndiye aliyeleta habari.

"Nesi alimuuliza kama aliyempa dawa alimweleza chochote. Akamjibu, 'Angekuwa na la kuniambia angeniambia. Yule ni mtu wa kanisa.'"

Benedicta hakula siku hiyo, na safari hii hakuwa anafuata daktari. Alipita mara mbili mbele ya nyumba ya Mama Kasian akiinamisha kichwa kama mwenye haraka. Mara ya tatu akaingia.

Mama Kasian alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Benedicta akapiga magoti, kama mwanamke yeyote wa Iringa anavyomsalimu aliyemzidi umri.

"Kamwene, mama."

"Kamwene."

Goti halikuuma hata kidogo. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akasema yote: daktari wa Mbeya, majani ya maboga, sahani za kuku, onyo kwenye kopo. Alisema akitazama mkeka.

Mama Kasian aliikunja miguu yake, akamtazama.

"Kwa hiyo ulikuwa unakula majani kama mbuzi, ukatuambia ni kaa?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ukaniacha nivimbe, ili usichekwe?"

"Ndiyo."

Benedicta alisogeza mguu ainuke.

"Nani amekuambia uinuke? Kaa hivyo hivyo. Goti si zima? Jumapili utasimama mbele ya jumuiya, useme kama ulivyosema hapa, na kuku uwataje. Wakicheka, wacheke."

"Nitasema, mama."

"Na hayo majani unayapikaje, maana mimi nayaweka mafuta mengi?"

Benedicta akaanza kueleza, magoti yakiwa bado chini, machozi yakidondoka kwenye mkeka wa watu.