Kapteni Haruhusu Mkanda Utoke Bila Kujaribiwa

Saa moja asubuhi, mtaa wa Bondeni mjini Nakuru. Kapteni mstaafu Kahiga Ndegwa amesimama nyuma ya karakana yake, shingo juu. Fundi wake, Chepngeno, anapanda ngazi iliyoegemezwa kwenye nguzo ya chuma. Amevaa mkanda wa usalama alioushona mwenyewe. Akifika juu ataufunga kwenye nguzo, kisha aachilie mikono.

Kahiga huwashonea mikanda vibarua wanaotandaza nailoni juu ya mapaa ya nyumba za kukuzia maua, Naivasha. Sheria yake ni moja: aliyeshona ndiye hujaribu kwanza.

"Kule kwa jeshi, ukikunja parachuti ulijua unaweza kuambiwa uruke nayo wewe mwenyewe," anasema. "Hungekunja ukipiga domo."

Alikuwa afisa wa askari wa miavuli, Gilgil. Vitani Somalia alirudi kwenye gari lililokuwa likiwaka, akawatoa wanajeshi wake wawili. Alipewa medali ya ushujaa. Goti lake la kulia halikupona.

"Medali iko kwa kabati, chini ya vitambaa," anasema mkewe, Wangui. "Akianza kunipa amri, namwonyesha vyombo vya kuosha."

Kwa miaka tisa Kahiga amening'inia na kila mkanda alioushona. Mwezi uliopita daktari akamkataza ngazi. Bila mtu wa kujaribu, karakana ingefungwa. Chepngeno, aliyetoka Olenguruone, anamshinda kwa kushona, lakini anaogopa kwenda juu. Kila alipojaribu, aliishia katikati ya ngazi, Kahiga akapanda badala yake.

Leo tena anasimama hapo hapo. Kahiga anashika ngazi, anakanyaga kidato cha chini.

"Shuka, msichana wangu. Wacha nipande, mara ya mwisho."

"Mzee, toa mguu hapo!" Chepngeno anafoka. "Mkanda huu si wako. Nimeshona mimi."

Anapanda, anafunga, anaachilia. Mkanda unakaza. Anazunguka hewani akipiga mayowe yanayowatoa majirani nje, kisha mayowe yanageuka kicheko.

Kahiga ameketi kwenye ndoo, jasho linamtoka. "Nimeruka kutoka kwa ndege mimi," anasema. "Haikuwa ngumu kama kuangalia."

Chepngeno akishuka, Kapteni anapitisha kidole kwenye mshono, polepole. Halafu anampa ufunguo wa karakana.

Kapteni mwenyewe atabaki kwenye cherehani. "Kuanzia Jumatatu, huyu ndiye anajaribu mikanda na kuipitisha. Akikataa wangu, nafumua, naanza upya."

"Nitakataa," anasema Chepngeno.