Skapulari ya Mama Ninayo Mimi

Admin, nifichie jina, na kigango chetu usikitaje, maana kule kijijini kwetu Kiriba tunajuana mpaka mbuzi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, naishi Bweri hapa Musoma, nina watoto wanne na wajukuu wawili. Namuuguza mama yangu mzazi hapa kwangu. Daktari ametuambia tumrudishe nyumbani tukae naye tu, na mnaelewa maana ya maneno hayo. Sijaja kuomba dawa. Nimekuja kwa sababu kuna jambo nimelificha tangu nina miaka kumi na moja, na sasa siwezi tena kulibeba peke yangu.

Wakubwa wenzangu mnaikumbuka miaka ile kabla biashara haijapewa ruksa. Maduka matupu, sabuni kwa foleni, sukari ya mgao kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Kilo yetu mama aliiweka kwenye kopo juu ya kabati, akiitunzia Komunyo yangu ya kwanza. Mimi nikawa nachota. Leo kidole, kesho kijiko, mpaka kopo likawa jepesi. Mama alipolifungua alikaa chini kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kaka yangu, nimwite Magesa, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alinitazama, akajua, kisha akasema, "Ni mimi mama, niliitia kwenye uji." Alichapwa na ukubwa wake wote, huku anacheka. Mimi nikamwacha achapwe.

Siku chache baadaye Magesa alipata kazi ya kuvua kisiwani Rukuba. Mama alikuwa na skapulari ya kahawia aliyovishwa na padri akiwa msichana. Kwa wasioijua, ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vyenye kamba, kimoja kinakaa kifuani na kingine mgongoni, na mama alitufundisha kwamba anayekufa ameivaa, Bikira Maria hamwachi aende motoni. Kamba ya ile yake ilikuwa imekatika, akaiunga kwa uzi wa nyavu, kwa kuwa utepe haukupatikana popote. Mchana wa safari ya Magesa aliivua akanipa. "Kimbia umpelekee huyo mwizi wa sukari kabla mtumbwi haujaondoka. Umvalishe mwenyewe, maana yeye anasahauga."

Nilikimbia kweli. Nilimkuta Magesa anapakia vitu, akanivuta sikio kwa utani, nikamuaga. Skapulari ilikuwa ndani ya gauni langu, shingoni kwangu. Mwizi wa sukari nilikuwa mimi, na kitubio changu cha kwanza kilikuwa Jumamosi. Niliogopa nisije nikafa kabla ya Jumamosi nikaungua. Nikajiambia, akirudi nitampa, ni siku chache tu.

Hakurudi. Upepo ulipindua mtumbwi, wenzake wawili wakaokolewa, yeye hajaonekana mpaka leo. Tulilia matanga bila maiti. Mama alikuwa anajigaragaza chini, wanawake watatu wamemshika, mara akanyamaza akanitafuta kwa macho.

"Ulimpatia?"

"Nilimpatia, mama."

"Aliivaa?"

"Aliivaa. Niliona."

Akaketi, akafuta uso kwa kanga, akasema, "Basi mwanangu hajapotea." Toka siku hiyo sikumwona akimlilia tena Magesa. Sasa niambieni, mtoto wa miaka kumi na moja angeanzia wapi kusema hapana, nimeivaa mimi?

Miaka ikapita. Mama akawa anakisimulia kisa hicho kwenye jumuiya, na wanawake waliofiwa walifarijika kwacho. Nikiwa mkubwa niliungama. Padri aliniambia nimesamehewa, tena Mungu hashindwi na kitambaa, skapulari si hirizi. Nilishukuru, nikarudi nyumbani mwepesi. Lakini mama hakuwepo kwenye kile chumba cha kitubio. Skapulari nikaiacha kwenye bahasha ya vyeti vyangu, na ipo hapa ninapoandika.

Juzi padri alikuja kumpaka mama mafuta ya wagonjwa, akaleta skapulari mpya. Mama akausukuma mkono wake. "Hapana baba. Ya kwangu anayo mwanangu ziwani. Niliahidi sitavaa nyingine." Mdogo wangu anayeishi Bunda alimbembeleza sana, wapi. Padri akaondoka nayo. Tulipobaki wawili mama akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Hivi kweli nitakufaga shingo tupu?" Anaogopa, jamani. Mama yangu anaogopa, na kitu anachokitaka kiko hatua kumi kutoka kitandani kwake.

Nikimvalisha, ataujua ule uzi wa nyavu kwa kugusa tu, maana aliushona mwenyewe. Atapata skapulari yake, na saa hiyohiyo atampoteza Magesa upya, hana hata nguvu za kumlilia. Nikinyamaza, anakufa na hofu yake kwa ajili ya uongo wangu. Nimewaza nimvalishe akishakata roho, lakini hiyo si ni kudanganya hata maiti?

Kila jioni ananiambia nimsimulie tena nilivyomvalisha kaka yangu. Nasimulia. Aibu yangu ni kwamba nimeongeza hata mambo, eti aliibusu, eti alisema mwambie mama ahsante. Jana alinikatiza katikati.

"Na ile kamba, ilimtosha?"

"Ilimtosha, mama."

"Maana niliiunga fupi," akasema, "na Magesa alikuwaga na shingo nene."

Kisha akasinzia huku anatabasamu, mimi nikatoka nje kukaa kwenye jiwe la kufulia. Padri wa siku hizi sijamwambia, mdogo wangu sijamwambia, mume wangu hajui. Nyinyi hamnijui, ndiyo maana naweza kuwauliza. Mama hana siku nyingi. Nimpe skapulari yake, au nimwachie mwanawe?