Daktari wa Stoo ya Pareto

Nikisikia harufu ya spiriti, bado mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutema. Zahanati ya kijiji chetu, upande wa Bahati, ilinuka spiriti na maua makavu ya pareto, maana zamani ilikuwa stoo ya pareto ya mzungu mwenye shamba. Cucu, mama yake baba, alikuwa kibarua hapo. Alituambia walikuwa wakipangwa foleni mlangoni na kunyweshwa dawa chungu bila kuulizwa wanaumwa nini. Shamba lilipogawanywa stoo ikawa zahanati, lakini Cucu alisema foleni ni ile ile.

Daktari wetu alikuwa mrefu, mkali, na hakujua kuongea polepole. Msimu wa baridi nikiwa na miaka tisa, mdogo wangu Nyokabi alishikwa na homa, makamasi na kikohozi. Mama akampeleka, nami nikafuata. Benchi lilikuwa limejaa.

"Ni homa tu," daktari alisema. "Mpe maji mengi, apumzike, na nyote mzibe mdomo mkikohoa."

"Na sindano, daktari?"

"Sindano ya nini? Nyinyi watu mnapenda sindano kama sukari. Hata kusoma tangazo la ukutani hamwezi?"

Benchi zima likacheka. Mama hakuwa amesoma. Alimfunga Nyokabi mgongoni, akatoka. Daktari akapaza sauti nyuma yetu: "Akianza kuhema mbio na mbavu zikiingia ndani, usingoje kesho!" Mama hakugeuka. Mimi niliyatemea maua aliyoyapanda mlangoni, na kila nilipotumwa dukani siku zilizofuata nilipitia pale niyatemee tena.

Asubuhi ya tatu nilimwona Nyokabi akihema kama kuku aliyekimbizwa.

"Mama, mbavu zinaingia."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Daktari."

"Huyo mtu hatanitukana mara ya pili."

Cucu alikuwa akipuliza moto. Aliinuka, akamchukua mtoto, akamfunika kwa leso aliyojifunga. "Wacha akutukane," akamwambia mama. "Matusi hayachimbi kaburi."

Tulipofika zahanati, daktari alimtazama Nyokabi mara moja tu, akawaacha wagonjwa wote kwenye benchi na kutupakia kwenye gari lake hadi hospitali ya mjini Nakuru. Njia nzima alimgombeza mama. "Nilikuambia. Sikukuambia?" Mama aliangalia nje, machozi yakimtiririka.

Nyokabi alilazwa karibu wiki moja, akapona. Mama hakuwahi kumshukuru yule mtu. Tukikutana naye barabarani, mama alivuka upande wa pili, na mimi nikivuka naye.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mama moyoni kwa kiburi chake. Kisha nami nikazaa, nikakaa mbele ya meza ya daktari mwingine aliyenisemesha vile mbele ya watu, wakacheka. Nilipofika nyumbani, mume wangu aliniuliza nimeambiwa nini kuhusu mtoto. Sikukumbuka hata neno moja. Nilikumbuka kicheko tu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mama hakukataa ushauri siku ile. Hakuusikia. Daktari alimwokoa mdogo wangu, hilo silikatai, lakini ni yeye aliyekaribia kumuua, na simsamehe hadi leo.