Nilichota Sampuli Siku ya Zamu Yetu

Admin, tafadhali futa jina langu kabla hujaipandisha hii, maana sisi wa Machame tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, sijaolewa, nimepanga chumba kimoja Pasua, mjini. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeficha miezi mitano hadi nimechoka.

Nafanya kazi kwenye yadi ya malori huko juu, njia ya kwenda kwetu. Zamani tangi la dizeli lilivuja pale, likaharibu maji yaliyo chini ya ardhi. Kampuni ikaamriwa iyavute hayo maji, iyapitishe kwenye matangi ya mkaa maalumu yasafishwe, ndipo iyaachie. Yanatoka kwa bomba na kuingia kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa asili unaoshuka kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba, na ndiyo maji tunayokunywa. Kibali kimeweka viwango, na kila mwezi lazima sampuli ipelekwe maabara. Anayeichukua ni mimi. Na mfongo wenyewe ni wa ukoo wetu. Baba yangu ndiye mzee wake, ndiye anayepanga zamu za maji kwa koo zote zinazoutumia na kuwaita watu kuusafisha. Nilipopata kazi hii alitangaza hadi kanisani kwamba sasa maji yana mwenyewe.

Miezi mitano iliyopita majibu yalikuja mabaya. Mkaa ulikuwa umechoka. Nikampelekea bosi, wala hakupandisha sauti. "Mkaa mpya umeagizwa. Ukipeleka hii karatasi ofisi ya maji wanatufungia, na wewe utakuwa wa kwanza kukaa nyumbani. Karudie kupima." Hakuniambia nirudie vipi. Hilo nililitunga mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na ndilo linaloniuma. Kibali kinasema sampuli ichotwe kwenye mdomo wa bomba, kabla maji hayajachanganyika na mengine. Lakini mimi ni mtoto wa mfongo, najua banio la juu, lile lango la maji, linafunguliwa siku gani. Nikasubiri siku ya zamu ya ukoo wetu, mfongo umejaa pomoni, nikashuka hatua ishirini chini ya bomba, nikachota kwenye maji mengi. Majibu yakatoka safi kabisa. Nikajidanganya kwamba ni mwezi huo tu. Nimefanya hivyo kila mwezi tangu hapo, na mkaa mpya sijauona.

Nyumbani nikaanza kwenda na chupa ya maji ya dukani. Mama yangu macho yake hayakosi kitu. Jumapili moja baada ya ibada akaniuliza mbele ya wote, "Siku hizi chai yangu ina nini?"

"Hamna kitu mama, tumbo tu linanisumbua."

"Tumbo gani linachagua kikombe?"

Mdogo wangu akadakia, "Mwacheni dada, ameshakuwa wa mjini." Wakacheka, nami nikacheka nao kwa aibu. Toka siku hiyo wakimimina chai wananiruka. Hawanigombezi, wananiruka tu, wanaendelea na stori zao za ng'ombe na harusi, mimi nimekaa pale na chupa yangu kama mgeni aliyepotea njia. Jamani, upweke wa kukaa katikati ya watu wako mwenyewe usikieni tu. Nikirudi Pasua nafunga mlango, nalia, napika ugali wa mtu mmoja.

Safari iliyofuata mama alinitoa pembeni jikoni. Alikuwa amenichemshia maji yangu peke yangu, kwenye sufuria mpya, ili nisione kinyaa. Aliyachota mfongoni. Dizeli haitoki kwa kuchemsha, ndugu zangu, mimi ndiye ninayejua hilo pale nyumbani. Alinitazama hadi nikamaliza kikombe. Nilimwambia asante mama, basi. Sikumwambia lingine, na wao wanakunywa hayo hayo asubuhi na jioni.

Sasa wiki hii baba amenipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka, nikajua kuna jambo. Akasema akina mama wa chini wanalalamika maji yana harufu ya mafuta ya taa, wengine wanataka waende kuifunga yadi wenyewe. "Jumamosi tunasafisha mfongo, kila nyumba italeta mtu na jembe. Utakuja, utasimama, uwaambie maji ni salama. Wewe ndiye unayepima, wewe watakusikiliza."

Nikamuuliza, "Baba, na kama wanasema kweli?"

Akacheka, kicheko chake kile cha kuniamini. "Mwanangu, yangekuwa mabaya wewe ungetuacha tunywe?"

Nikamjibu, "Hapana, baba."

Leo ni Alhamisi. Nikienda ofisi ya maji kusema ukweli, kazi imeisha na huenda nikashtakiwa, hilo nimeshalikubali. Linalonishinda ni baba. Nikimwambia kabla, atasimamaje mbele ya ukoo wake kama mzee wa mfongo? Nisipomwambia, atausikia ukweli siku moja na watu wote. Matusi tupeni, nayastahili, ila mwenye mzazi anisaidie: sentensi ya kwanza ya kumwambia baba inaanzaje?