Chipu ya Saa ya Johari

Johari binti Khatibu alifundisha kupiga taipu huko Likoni, na kutwa hakuwa nyumbani. Babake, Mzee Khatibu, alikuwa na presha ya macho. Nuru iliyombakia ilikuwa kidogo, nayo ilitegemea matone ya dawa yatiwe kwa wakati. Chupa aliweza kuishika mwenyewe. Saa ndiyo hakuweza kuisoma.

Mwaka 1989 binamuye Khamis, aliyekuwa baharia, alimletea kompyuta kuukuu ya nyumbani, ile ya kuunganishwa na televisheni. Wengine wangeichezea michezo. Johari aliiandikia programu ya kupiga wimbo mfupi kila wakati wa dawa ulipowadia. Mzee akiusikia, huinua uso akajitia matone.

Tabu ilikuwa stima. Ikipotea na kurudi, kompyuta iliwaka na kuisoma programu kwenye disketi bila ya kuguswa, lakini saa yake ilianza upya, kana kwamba siku ndiyo kwanza inaingia. Siku moja Johari alirudi akamkuta babake ameketi, chupa mkononi.

"Dawa ya adhuhuri umetia, baba?"

"Sijasikia wimbo, mwanangu. Nangoja."

Magharibi ilikuwa imekaribia. Johari aliingia jikoni akalia. Kisha akanawa uso, akamwagiza Khamis chipu ya saa, ile yenye betri yake ndani, isiyojali stima.

Ilipofika, alizima kila kitu, akagusa bomba la maji ili umeme wa mwilini usiiunguze, akafungua kifuniko. Alimwita shoga yake Barke amshikie tochi. Kwa ncha ya bisibisi aliing'oa chipu ya zamani, ile ya kumbukumbu ya kompyuta, taratibu, huku kidogo, kule kidogo. Mpya ilikaa mahali pake, na ile ya zamani, kwa kuwa bado ilihitajika, ilipaswa kupanda juu yake. Alipoibonyeza, mguu wake mmoja wa chuma ukajikunja.

"Lo! Ushaiua!" Barke akasema.

"Haijafa. Nipe kibanio chako cha nyusi."

Aliunyoosha mguu ule mwembamba bila ya kupumua, kwani ungekatika usingeungika. Safari hii miguu yote iliingia. Lakini chipu mbili zilizopandana zilikuwa ndefu mno, kifuniko kikakataa kufunga. Akakiacha, akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma. Akaibadili programu isome saa mpya, akaitia majira, akachomoa waya ukutani. Wakala chakula cha mchana. Alipouchomeka tena, saa ilikuwa sawasawa.

"Mashallah," Barke akanong'ona.

Tangu hapo stima ilipotea na kurudi mara nyingi, na wimbo ukalia kwa wakati wake. Daktari alikuwa amesema nuru ya mzee haitadumu, lakini ilidumu miaka. Alasiri moja Johari aliingia ukumbini, na babake, kabla hajasalimiwa, akamwambia:

"Wallahi, leo umejifunga leso nyekundu."