Sahani ya Mwenzake

Mtaani walimwita Mama Mizani, ingawa hakuwa na duka wala hakuuza kitu kwa kilo. Miaka ishirini na moja alikuwa fundi cherehani. Macho yalipochoka, akawa anachoma sindano kidoleni zaidi kuliko kwenye kitambaa, akakifunika cherehani chake na kukaa kibarazani kutazama wapita njia. Hakukaa sana. Zahanati ya jirani ilianzisha mpango wa familia zenye watoto wadogo walioanza kunenepa kupita kiasi, na muuguzi aliyeusimamia, Sista, alitafuta mtu wa kuzunguka majumbani. Akasema, "Namtaka mtu aliyezoea kupima watu viuno bila kuwatia aibu." Jamani, nani mwingine?

Mpango wenyewe haukumshika mtoto peke yake. Nyumba nzima iliingia: baba, mama, bibi, yeyote anayegusa mwiko. Jumamosi asubuhi walikutana ukumbini, wakaruka kamba wakubwa kwa wadogo, wakafundishwa kumpakulia mtoto kwa kipimo, kunywa maji badala ya soda, na kutembea kidogo baada ya kula. Nyumbani waliandika kwenye daftari mtoto kala nini na kiasi gani. Kila wiki mbili Mama Mizani alifika na mizani yake kwapani, kaiviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga.

Hakuwa mtu wa haraka. "Panda hapa," angemwambia mtoto, "tuone kama leo wewe ni jogoo au ni mbuzi." Mtoto akicheka, mshale wa mizani nao ukacheza, wakaanza upya. Nyumba karibu zote zilikwenda vizuri. Fundi bomba mmoja alipungua yeye kuliko mwanawe, akaja kulalamika kwamba suruali zinamvuka mbele za watu.

Ila nyumba moja ilimnyima usingizi. Ilikuwa mwisho wa barabara, na waliishi wanne: dereva wa lori, mkewe karani wa posta, mama mzazi wa dereva, na binti wa miaka minne na nusu ambaye watoto wa jirani walimwita Kibonge. Binti huyu alizaliwa pacha. Mwenzake, wa kike pia, alikufa kwa homa wakiwa na miaka miwili. Baada ya mazishi karani alikusanya nguo za marehemu, akazigawa zote siku hiyo hiyo, na akakataza jina lake lisitajwe tena ndani. Halikutajwa.

Daftari la nyumba ile lilikuwa safi kuliko yote. Bibi mwenyewe ndiye aliyeliandika, kwa mwandiko wa kulala upande mmoja: sahani moja, maji, nusu chungwa. Siku nyingine, sahani moja, maji, kipande cha papai. Na bado kila wiki mbili mshale ulipanda.

"Mama, niambie ukweli," karani alimwambia mama mkwe wake siku moja mbele ya mizani, "nikienda kazini unampa biskuti?"

"Mimi? Biskuti nizitoe wapi? Kabati unalikagua wewe kama askari wa mpakani."

"Sasa anashiba nini? Upepo?" Karani alikuwa ametoa macho. "Akilala anakoroma kumshinda baba yake. Juzi kapanda ngazi tatu tu, kaketi chini anatafuta pumzi. Sisemi kwa ubaya, Mama, lakini mizani ikipanda tena, utakwenda kukaa kwa shemeji. Mtoto nitampeleka shule ya chekechea mchana kutwa."

Bibi alimkazia macho Mama Mizani, kama mtu aliyesingiziwa anavyomtazama shahidi.

Mama Mizani akajifanya hakusikia, akainama kwa mtoto. "Haya, panda mama."

Kibonge akaweka mguu mmoja kwenye mizani, akasimama.

"Na wa pili."

"Nasubiri apande kwanza," mtoto akasema.

"Nani?"

Mtoto akajisogeza kando kidogo, kama anavyojisogeza mtu kwenye benchi kumpisha mwingine. Kisha akaweka mguu wa pili. "Tayari."

Mshale ulipanda. Mama Mizani aliandika namba ile.

Akaomba maji ya kunywa ili apite jikoni. Kwenye kichanja cha vyombo aliona sahani tatu kubwa na mbili ndogo, zote mbili zimechorwa bata, zote mbili zikichuruzika maji. Watu wanne, sahani tano. Akamwambia bibi, kwa sauti ya kawaida, "Jumatano nitakuja mchana, Mama. Nataka kuona kipimo cha kupakua."

"Karibu, mwanangu. Mimi sina la kuficha."

Na kweli hakuwa na la kuficha, hilo ndilo lililomtisha Mama Mizani baadaye.

Jumatano alikuta mapazia yameshushwa, nje jua kali. Mezani palikuwa na viti viwili vifupi, vinatazamana. Bibi alipakua wali kwa kikombe kilekile walichopewa ukumbini, akausawazisha juu kwa kisu, akaongeza mboga na kipande cha samaki. Kipimo sawasawa. Halafu akaishika sahani ya pili na kupakua vilevile, akaiweka mbele ya kiti kitupu.

Kibonge alikula taratibu, kwa mkono wa kulia, akipiga porojo kuhusu paka wa jirani. Akamaliza. "Nimeshiba, Bibi."

"Hongera. Shuka."

Mtoto akashuka, akazunguka meza, akapanda kiti cha pili. Hakusema neno. Uso ulilegea, midomo ikajikunja kwa namna ambayo Mama Mizani hakuwahi kuiona kwa mtoto yule. Akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto na kuanza kula kama mwenye njaa ya siku tatu.

"Polepole," bibi alimwambia kwa upole mwingine kabisa. "Hakuna anayekunyang'anya."

Sahani ilipokwisha, bibi alivuta daftari akaandika: sahani moja, maji.

Mama Mizani akauonyesha mstari kwa kidole. "Mama, umeandika moja."

"Kala moja. Si umeona mwenyewe?" Bibi alishangaa kwa dhati. "Ile nyingine si yake. Ni ya mwenzake. Hilo daftari mlisema ni la huyu."

Ndugu zangu, mngemjibu nini? Hakuwa amedanganya hata herufi moja. Mama Mizani alimtazama yule mtoto kwenye kiti cha pili, na mtoto akamtazama, bila kupepesa, mpaka yeye mtu mzima ndiye aliyegeuza uso.

Angeweza kumwambia Sista. Sista angesema bibi akatazwe, na karani angemfungasha virago mama wa watu jioni ile ile. Badala yake alikwenda posta, akapanga foleni kama mteja, hadi dirishani.

"Kesho mchana ule nyumbani," akamwambia karani.

"Mama Mizani, huioni foleni hii? Kuna nini?"

"Nikikusimulia utagomba. Njoo uone kwa macho yako. Na mkoba wako uje umeufunga vizuri, usije ukamtupia mtu."

Kesho yake karani aliingia, Mama Mizani nyuma yake, Kibonge akiwa keshahamia kiti cha pili. Alisimama mlangoni, viatu vya kazini miguuni. Aliona mkono wa kushoto. Wale mapacha alikuwa akiwatambua kwa hilo tu tangu wanaanza kushika vitu.

Mtoto akainua kichwa. "Mama umekawia," akasema.

Karani alishika fremu ya mlango. Kisha akamgeukia bibi. "Unamfanya nini mwanangu?"

"Nampa chakula," bibi akasema, mwiko bado mkononi. "Uligawa nguo, ukagawa viatu, ukagawa mpaka mto wake. Nilificha sahani. Akija mezani nimwambie nini? Nenda, mama yako hataki utajwe? Mtoto wa miaka miwili utamwambiaje hivyo?"

Mama Mizani alisikia feni ya dari, na kijiko kikikwaruza bata aliyechorwa chini ya sahani. Alitaka kusema jambo, moja kati ya yale ya ukumbini, akakuta hayapo. Somo lile halikuwahi kufundishwa.

Karani alivua viatu. Akasogea mezani polepole, akachuchumaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili na nusu akatamka jina la marehemu.

"Abee," mtoto akaitika.

Bibi akaweka mwiko mezani.

"Mwanangu," karani akasema, na machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni, "chakula chako nitakula mimi. Kila siku kitapakuliwa, hakuna atakayekisahau. Lakini mwenzio ameshiba. Miguu inamuuma, pumzi inamkata. Anabeba vya watu wawili. Nipe kijiko."

Mkono wa kushoto ulibaki juu, kijiko kimejaa. Ulibaki hivyo muda mrefu. Mwishowe ukafunguka, karani akakipokea. Akala pale pale sakafuni, mpaka punje ya mwisho. Alipoinua macho, Kibonge alikuwa kwenye kiti chake cha kwanza, anaomba maji.

Tangu siku ile sahani ya pili iliwekwa katikati ya meza, mapazia yamefunguliwa. Aliila mama, siku nyingine bibi, na dereva akiwa hayuko safarini aliila yeye, akimsimulia mwenye sahani habari za barabarani bila aibu. Kibonge alikula yake, kisha akatembea na bibi mpaka kwenye daraja na kurudi. Miezi mitatu mshale ulisimama palepale huku mtoto akirefuka. Ngazi alizipanda akiimba. Habari ya bibi kuhamia kwa shemeji haikusikika tena.

Mwisho wa mpango kila nyumba ilijaza fomu. Swali mojawapo lilikuwa: nyumbani mnakula wangapi, na watoto ni wangapi? Dereva akasema wanne. Mkewe akamtazama. "Andika watano, watoto wawili," akamwambia Mama Mizani, na Mama Mizani akaandika.

Sista alizipitia fomu ofisini, kalamu mdomoni, akakwama kwenye hiyo. "Hapa pana watoto wawili, na uzito umeleta wa mmoja. Huyu mwingine mbona hujampima?"

Mama Mizani alikuwa akiiviringisha mizani kwenye taulo.

"Huyo haongezeki, Sista," akasema.