Barua ya Konkuru

Juzi, kwenye mlango wa shule ya binti yangu hapa Gitega, nilisoma tangazo: aliyekosa mtihani alete barua ya mzazi. Mara nikasikia harufu ya karanga za kukaanga.

Mwaka wa konkuru yangu, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tuliishi Muyinga. Asubuhi ya mtihani risasi zililia mtaani kwetu, mama akanifungia ndani. Baba, fundi cherehani, aliandika barua kwa biki nyekundu, maana ya bluu ilikwisha wino. Direkteri, mkuu wa shule, akaigonga muhuri, akaniambia, "We ngoja tu, watakuita uufanye."

Nikangoja. Alasiri moja mama alininunulia karanga sokoni. Nilipozimaliza nikakunjua karatasi iliyozifunga, bado ina joto na mafuta, nikaona mwandiko mwekundu wa baba na ule muhuri.

"Mama, wameshaisoma!" nikapiga kelele. "Sasa wataniita!"

Mama aliitazama, akaikunja taratibu, akaificha ndani ya kitenge.

"Ndiyo, mwanangu. Wameisoma."

Njia nzima hakunitazama. Nilipofika nyumbani nikachonga penseli zangu zote mbili.